Anzeni na Kifua cha Punda

Vijana wangu wa Kiandutu, Makongeni, Kimbo na Kihunguro, nyinyi mnaotuletea maji mifereji ikikauka, leo nataka tumzungumzie punda kabla ya barabara. Mwenye kukalia mkokoteni huwa salama kadiri punda wake alivyostarehe.

Kwanza tazameni alivyofungwa. Wengi wenu mnamfunga kamba ya nailoni shingoni, kana kwamba ni fahali wa kulima. Fahali ana nundu ya kusukumia nira. Punda hana, nguvu zake ziko kifuani. Mshoneeni mkanda wa turubai iliyokunjwa, mpana kuliko kiganja, upite kifuani chini ya koo ili apumue akipanda mlima. Tandiko la mgongoni liwe na nafasi katikati, lisiguse uti wa mgongo. Punda mwenye kidonda hukwepa maumivu, na akikwepa, mkokoteni mzima huyumba mbele ya matatu.

Sasa mzigo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20. Mitungi 20 ni kilo 400, hapo hatujauhesabu mkokoteni wala wewe uliyekaa juu, na punda wetu wengi hawazidi sana kilo 150. Mimi nasema mitungi kumi kwa punda mmoja inatosha, tena njia ikiwa tambarare. Ipangeni juu ya ekseli. Ukirundika nyuma, miti ya mkokoteni huinuka na mkanda wa tumbo humkaba. Ukirundika mbele, uzito wote humlalia mgongoni. Kabla ya kumfunga, inua miti hiyo kwa mikono yako: ikiwa myepesi lakini haitaki kupaa yenyewe, umepanga vizuri. Nawe kaa katikati, miguu ndani. Wale wanaokalia ubavuni huku miguu ikining'inia karibu na gurudumu wananitia hofu kila ninapowaona.

Mji wa Thika uko karibu na Mto Chania na Mto Thika, kwa hiyo miteremko haikwepeki. Mkokoteni hauna breki. Punda ndiye breki. Mfungeni mkanda unaozunguka matako, auzuie mzigo kwa mwili wake. Bila mkanda huo mbao humgonga miguu ya nyuma, naye hutimua mbio. Mteremkoni shuka, utembee kando ya kichwa chake ukishika hatamu.

Magari ya barabara kuu ya Thika, tangu ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, hayana subira na mkokoteni. Piteni barabara za pembeni, na giza likikaribia muwe na viakisi mwanga nyuma na ubavuni. Punda akisimama ghafla, msimchape. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama kwanza apime hatari, na huenda ameona mtaro usio na kifuniko ambao wewe hujauona. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga kikatili na kumzidishia mzigo.

Jioni mpeni maji kabla hamjajihesabia pesa. Fungueni mikanda yote, mpitishe kiganja kifuani, mabegani na mgongoni, taratibu, mkitafuta palipovimba au palipotoka manyoya. Mkipata kidonda, kesho hafungwi, hata wateja wa Murera wakipiga simu tangu alfajiri.