USIMKATE MTOTO

Andiko la wiki: 1 Wafalme 3:16-28



Jumapili hii nilihubiri juu ya jambo ambalo wengi hawapendi litajwe madhabahuni: mshirika aliyeokoka ambaye ako na tarehe ya korti, kesi ya talaka na ya watoto. Wako kati yetu. Wanaimba na sisi, wanatoa sadaka, halafu Jumatatu wanapanga foleni mahakamani bila mtu wa kuwashika mkono. Kanisa linashikilia ya kwamba ndoa ni agano, na hatujachoka kuombea upatanisho. Hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inawapa nafasi waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta upatanisho kupitia kanisa. Lakini kuna nyumba ambazo zimefika kortini tayari. Hao nao tuwaambie nini?

Twende kwa Sulemani. Wanawake wawili wanaishi nyumba moja, mtoto mmoja amekufa usiku, na kila mmoja anadai aliye hai ni wake. Hakuna shahidi. Mfalme anaitisha upanga. Hapo ndipo mioyo inafunuka: mama mzazi anaomba mtoto apewe yule mwingine, bora aishi. Mwenzake anasema akatwe tu, wakose wote wawili.

Sikiza vizuri. Mama huyu hakuogopa korti. Alienda, akaeleza kesi yake yote mbele ya mfalme. Wote wawili walikuwa na maneno mengi, lakini mmoja alitaka mtoto aishi, na mwingine alitaka mwenzake asishinde. Wewe unayejiandaa kwa kesi, jiulize usiku huu: ninaenda kutafuta nini?

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma. Tulifunzwa kufunga hesabu za biashara ya ubia iliyovunjika: mali huku, madeni kule, kila mwenye hisa achukue chake. Nimeona wazazi wakifanya hesabu hiyo hiyo, na kati ya gari na ploti wameweka watoto. Mpendwa, mtoto si mali, na si deni. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema masilahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo. Kwa hivyo usifikiri hakimu anatafuta nani wa kupewa zawadi. Atataka kujua mtoto atalala wapi, atasomea wapi, na akiugua usiku nani atambeba.

Basi jiandae hivi.

Kwanza, panga ukweli wako. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, risiti za karo, kadi ya kliniki, taarifa za M-Pesa za pesa ulizotuma au ulizopokea. Andika matumizi ya mtoto kwa mwezi: chakula, kodi, nauli, dawa. Andika kile kilichoko. Ukiongeza sifuri ili mwenzako aumie, huo ni uongo, na hati ya kiapo ni kiapo kweli kweli. Wewe unayeficha mshahara ili utoe kidogo, ni mtoto wako unayemwibia. Tafuta wakili mapema. Ukikosa uwezo, uliza kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, au mashirika kama FIDA na Kituo cha Sheria.

Pili, usimtume mtoto vitani. Usimwambie, "Ambia babako alete pesa." Usimfundishe maneno ya kumwambia afisa wa watoto. Mahakama inaweza kusikiliza maoni yake kulingana na umri wake. Acha yawe yake. Na yale mambo ya kumwaga siri za nyumba kwa grupu ya WhatsApp, wacha. Mtoto atakua, atasoma.

Tatu, usimfanye kanisa silaha. Watu huja ofisini: "Pasta, niandikie barua useme mama watoto si mtu wa kanisa." Ninajibu, "Ndugu yangu, nitaandika nilichokiona. Kama nimekuona ukileta watoto Sunday School, nitaandika hivyo. Nikiwa nimemwona mama yao akiwaleta, hilo pia nitaliandika." Wengine huondoka wakiwa wamekasirika. Ni sawa. Na ninyi wazee na akina mama wa maombi, mkiitwa kuwa mashahidi, simameni na kile macho yenu yaliona. Msibebe uvumi mpaka kizimbani.

Nne, na hapa nisikike vizuri: mama wa andiko hili alimtoa mtoto chini ya upanga, hakumwacha hapo. Mtu asitumie hadithi hii kukwambia uachie mtoto mikononi mwa anayempiga au kumnajisi. Kama kuna hatari nyumbani, toka kwanza. Piga ripoti polisi, nenda hospitali, na simu ya watoto ni 116, haina malipo. Kuvumilia kipigo si imani, na hakuna kiongozi wa kanisa hili atakayekurudisha huko kwa jina la kutunza ndoa.

Kwa wale ambao kesi imeisha: umepewa siku za kumwona mtoto? Fika, na ufike kwa wakati. Umepewa malezi? Mpe mwenzako nafasi yake bila visingizio. Ndoa inaweza kuisha kortini, lakini ubaba na umama hauishi.

Tuombe: Ee Bwana, tuondolee roho ya kutaka kushinda. Wape mahakimu hekima uliyompa Sulemani. Walinde watoto wetu wanaolala usiku huu bila kujua kesho watalala kwa nani. Katika jina la Yesu. Amina.