Maji Tunayoyavuruga kwa Miguu

Somo: Ezekieli 34:17-19



Sura hii tumezoea kuihubiri kwa wachungaji wabaya (sehemu ambayo sisi wachungaji huipita haraka haraka). Lakini mstari wa 18 unawagusa kondoo wenyewe. Walikunywa maji safi wakashiba, kisha yaliyobaki wakayavuruga kwa miguu. Wanyonge waliokuja nyuma wakakuta matope. Kunywa halikuwa kosa. Kosa ni kutojali nani anakunywa baada yako.

Sasa tuje Eldoret. Mto Sosiani unashuka kutoka upande wa Kaptagat, unapita katikati ya mji wetu, unaingia Kipkaren, halafu Nzoia, na Nzoia inamwaga maji Ziwa Victoria kule Budalangi. Ukifua mtoni Jumamosi, maji yako yameanza safari.

Yanabeba nini? Nguo nyingi tunazovaa, mpya na mitumba, ni poliesta, na poliesta ni plastiki iliyofanywa uzi. Ukisugua, nyuzi ndogo mno zinakatika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki, ndugu yake poliesta, zikifuliwa mara moja kwenye mashine zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Nyuzi hizo haziozi upesi kama pamba. Vidudu vya majini huzimeza kama chakula, tumbo linajaa kitu kisicho na lishe, na samaki anakula vidudu hivyo. Sio hadithi ya mbali: utafiti mwingine uliochapishwa 2016 ulichunguza mbuta na tilapia walionunuliwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hilo hilo. Samaki mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kuna gharama ambayo muuzaji halipi, mnunuzi halipi, inalipwa na mtu ambaye hata hakuwa dukani. Ile blauzi ya bei ya kutupa, anayemalizia bei ni mvuvi wa Budalangi. Ezekieli aliliona hilo bila digrii.

Mtu atasema, "Pastor, hiyo ni kazi ya serikali." Sawa, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tukazoea. Lakini uzi usioonekana askari ataukamata vipi? Na mama ambaye hana mfereji nyumbani, huyo simlaumu hata kidogo. Nasema na sisi wenye uwezo wa kuchagua.

Kwaya imeomba sare mpya za satini ya poliesta. Nguo mpya ndizo hutoa nyuzi nyingi zaidi zikianza kufuliwa. Jumatano nitaiomba kamati tushone za pamba; Rivatex hapa hapa mjini wanafuma pamba. Bei iko juu, najua, na mweka hazina ameshaniangalia vibaya. Kama pesa haitoshi, tuimbe na za zamani mwaka mmoja zaidi.

Na sare hizo zisipelekwe tena mtoni. Jumamosi saa tatu asubuhi vijana watateka maji, karai ziko nyuma ya kanisa, na maji machafu yatamwagwa kwenye shimo mbali na mtaro. Njoo na sabuni yako.