Nani Aulizwe?

Ewe msomaji, fikiri ya kuwa watu wameingia nyumbani kwenu, wakapima kuta, wakahamisha meko na kupanua mlango, kisha wakasema, “Tumewatendea wema.” Pengine ni wema kweli. Mbona basi moyo wako unauma?

Mitaa ya Mukuru, mjini Nairobi, ina kaya zaidi ya 100,000. Miaka mingi wakazi wake walinunua maji kwa mtungi kwa bei iliyoshinda ile walipayo matajiri wenye mifereji nyumbani, na vyoo vilikuwa haba. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza mitaa hiyo kuwa eneo la mpango maalumu wa matengenezo. Safari hii wakazi waliitwa. Kila kaya kumi zilikuwa kundi lenye mjumbe wake, na habari zikapanda kutoka vikundini hata kwa wapimaji. Barabara zingalijengwa kwa upana wa kawaida, nyumba nyingi mno zingalivunjwa. Kwa hiyo walipatana kuzipunguza.

Huenda ukasema, “Mhandisi amesoma, muuza samaki anajua nini juu ya mabomba?” Anajua mafuriko yaanzia wapi. Anajua kichochoro ambacho binti yake hathubutu kukipita usiku kwenda chooni. Elimu hiyo haimo vyuoni.

Hata hivyo, sitaki kuiegemea hoja hiyo peke yake. Kama twamwuliza mkazi kwa kuwa anajua tu, basi siku atakapokosea tutakuwa huru kumpuuza. Tabibu huyajua maradhi kuliko mgonjwa, lakini hamkati mtu mguu pasipo kumwuliza. Mguu si wake. Vivyo hivyo maisha yatakayopinduliwa na ramani si ya mchora ramani.

Hapa ndipo penye ugumu. Mtaa hauna kinywa kimoja. Wakazi wengi wa Mukuru ni wapangaji. Mwenye vyumba anataka kodi. Mpangaji anataka maji na choo, na kodi isipande. Nayo kodi hupenda kufuata mabomba! Aliyehudhuria kila mkutano aweza kufukuzwa na uzuri ule ule alioutafuta. Mimi nasema neno la mpangaji litangulie, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mwalimu mwenzangu asema mwenye vyumba naye alivijenga kwa jasho lake, tena bila hati ya ardhi. Tumebishana mara nyingi, wala hatujapatana.