Je, Nyumba ya Rehani ni ya Nani?

Kila mara bei ya pamba inapoanguka katika nchi yetu ya ziwani, kilio husikika kwanza shambani, kisha dukani, na mwisho barazani. Maana aliyekopa wakati wa neema hudaiwa wakati wa shida, na kama aliweka nyumba rehani, dalali huja na tangazo lake. Basi twauliza: nyumba ya rehani ni ya nani? Ni ya mdaiwa aliyeijenga, ni ya mdai aishikaye hati, au ni ya wale walalao ndani yake?

Zamani za watemi, swali hili halikuwasumbua wazee wetu. Katika Usukuma shamba liligawiwa na mwanangwa. Mtu alilima yeye na watoto wake, wala kwa desturi hakuliuza. Bei ya pamba ilipoanguka baada ya 1929 wakulima waliumia sana, na kodi ikawa mzigo mzito. Lakini kwa mila shamba halikuwa kitu cha kuuzwa ili kulipa deni. Siku hizi mambo ni mengine. Kiwanja cha mjini Mwanza kina hati, na Sheria ya Ardhi ya 1999 yamruhusu mwenye hati kukiweka rehani. Hata shamba la kijijini laweza kupata hati ya kimila. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Wengi wamepata mtaji kwa njia hiyo, wakanunua mitumbwi na nyavu, wakasomesha watoto. Lakini kiwezacho kuuzwa chaweza pia kupotea.

Tukumbuke mwaka 2008. Kabla mwaka ule haujaisha, mabenki makubwa ya Marekani yalitikisika, viwanda vya ng'ambo vikapunguza kununua, na bei ya pamba ikaanguka duniani. Mnunuzi aliyekuwa na pamba ghalani, aliyoinunua kwa fedha ya mkopo, akajikuta deni lake lapita mali yake. Mwezi wa Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi, na ndani yake msaada kwa wanunuzi wa pamba waliopata hasara. Hivyo serikali yenyewe ilikiri kwamba hasara ile haikutokana na uvivu wa mtu mmoja.

Tuweke mfano. Mtu mmoja, mchuuzi wa pamba, ana nyumba ya bati penye mawe ya kilimani. Alikopa, akaiweka nyumba rehani, wala hakumwambia mkewe. Katika karatasi aliandika kwamba hana mke. Bei ikaanguka, akashindwa kulipa, ilani ikabandikwa mlangoni. Ndipo mke akajua. Sheria iko upande wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi yasema vivyo hivyo. Majirani wamwambia, "Nenda kashtaki, mama, nyumba itapona."

Mama huyu amesimama njia panda. Akishtaki na kusema kweli, amdhihirisha mumewe kuwa mwongo, na kumdanganya mkopeshaji katika jambo hili ni kosa mbele ya sheria. Akinyamaza, watoto watalala nje. Sisi twasema: aseme kweli. Kumfunika mwongo si heshima ya ndoa. Aliyemfikisha njia panda si baraza, bali ni mume aliyejiona kwamba nyumba ni yeye peke yake.

Lakini yuko mama wa pili. Huyu alijua habari za mkopo tangu siku ya kwanza. Alivaa kanga za fedha ile, na ada ya shule ilitoka humo. Leo yeye na mumewe wamepatana aende barazani kulia kwamba hakuambiwa neno. Sheria iliyokuwa ngao yao wameigeuza kuwa mkuki. Huu ni wizi ulioapishwa. Wala benki haiumii peke yake. Kesho yule mama wa kwanza atakapokuja na machozi ya kweli, mwamuzi atamtazama kwa mashaka. Mwenye shida kweli ndiye atakayelipa uongo wa mwenzake.

Na mdai je? Sheria ilivyo sasa yamtaka atoe ilani ya siku 60, na akiuza, atafute bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo. Lakini mwaka wa shida wanunuzi ni wachache, na nyumba iliyojengwa kwa jasho la miaka mingi yaweza kwenda kwa bei ya kutupa. Mdai asema, "Dawa ya deni ni kulipa." Ni kweli kabisa. Ila kulipa msimu ujao nako ni kulipa. Amnyimaye mwenzake muda, naye aona wazi kwamba atalipa, hatafuti fedha yake, aitamani nyumba.

Tusomapo Nehemia, mlango wa 5, twaona watu wa Yerusalemu wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia aliwakemea wakuu mbele ya mkutano, akawaagiza warudishe mali pamoja na riba. Na neno hili tusilipite upesi: alikiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha. Hakuanza na dhambi za jirani.

Basi jibu letu ni hili. Nyumba ya rehani ni ya wote watatu, na kila mmoja ana wajibu wake ndani yake. Mdaiwa asitie sahihi kabla hajaketi na mwenzi wake na kumweleza deni lote. Mdai apime kama msiba ni wa mtu mmoja au ni wa nchi nzima, na kama ni wa nchi, achukue sehemu yake kwa kungoja. Nao walalao ndani wasiseme barazani wasiloweza kulisema madhabahuni. Kijiji kina baraza lake la ardhi la kupatanisha. Twende huko mapema, maneno yakiwa bado machache. Nyumba ikipotea, yaweza kujengwa tena. Bali aliyeiokoa kwa kiapo cha uongo, atalala ndani yake na nani kwa amani?