Nani Atawawashia Taa?

Juzi usiku nilikuwa nacheza gemu la vita vya baharini. Meli ya adui ya kubeba ndege ilikuwa mbali mno. Nikapiga hesabu: ndege zangu zingefika na kushambulia, ila mafuta ya kurudi yasingetosha. Nikazituma. Nikashinda. Mpwa wangu, aliyekuwa kakaa pembeni, akauliza, "Mjomba, na hao waliomo ndani wanarudije?"

Nikacheka, lakini swali likabaki.

Tarehe 20 Juni 1944, katika Bahari ya Ufilipino, Admirali Marc Mitscher wa Marekani alikuwa na hesabu kama yangu. Jioni ile alirusha ndege zaidi ya 200, akijua zitarudi gizani, mafuta yakikaribia kuisha. Ziliporudi, akaamuru meli ziwashe taa, ingawa nyambizi za Japani zingeweza kuziona. Takriban ndege 80 zilipotea kwa kuishiwa mafuta na ajali za kutua, lakini wengi wa waliokuwamo waliokolewa.

Kwa hesabu tupu, taa zile ni kosa: huhatarishi maelfu kwa ajili ya mamia. Mimi naona hesabu hiyo ina pengo. Anayemtuma mtu kwenye kifo ana deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa wingi wa walio salama.

Gemu langu halina kitufe cha kuwasha taa. Ila niseme kweli: hata kingekuwepo, usiku ule nisingekibonyeza. Hilo ndilo linalonisumbua.