Je, Mwenye Kuuliza Ana Deni?

Nataka tupime neno moja. Mtu akimwendea mwanamke mgonjwa au mja mzito, akamwuliza habari za mwili wake na za nyumba yake ili aziandike kitabuni, je, amekuwa na deni kwake? Au elimu ni kama maji ya mto, kila mtu huteka akaenda zake?

Zamani wataalamu wa Ulaya na Marekani walifundisha ya kuwa mwulizaji hana deni lo lote. Aulize, aandike, anyamaze. Akiulizwa yeye, akwepe kwa upole, maana akijibu ataziharibu habari anazozitafuta, kama auzaye kwa mizani akaitia kidole. Sababu hii si ya kipumbavu, wala tusiicheke.

Lakini Bibi Ann Oakley wa Uingereza, alipowahoji wanawake wa London waliokuwa wakingoja mtoto wa kwanza, katika miaka ya 1970, aliona haiwezekani. Aliwarudia mara kadha wa kadha, kabla ya kuzaa na baada yake, nao wakamwuliza. Mmoja alitaka kujua mtoto hupita wapi anapozaliwa; mwingine, kwa nini ni hatari kumwacha mtoto mchanga peke yake nyumbani. Mwaka 1981 aliandika ya kuwa maswali waliyomwuliza yalikuwa 878. Fikirini! Wanawake hao walikuwa wakipimwa na madaktari, na bado walikaa na maswali hayo moyoni. Basi akawajibu. Kumnyamazia mwenye hofu ya namna ile ili daftari libaki safi, mimi naona ni ukatili, hata ukiitwa elimu. Bwana wetu alipomwomba maji yule mwanamke Msamaria kisimani, mwanamke naye alimwuliza maswali, wala hakunyamaziwa.

Wauguzi walilipokea neno hili. Mwaka 1983 Kathleen MacPherson aliandika katika jarida lao huko Marekani ya kuwa njia za utafiti za wanawake wanaotetea haki zao zaifaa kazi ya uuguzi. Si ajabu. Mgonjwa akilia kiu, mwuguzi atamwambia, "Ngoja, naandika"?

Hata hivyo jambo ni gumu kuliko hivi. Janet Finch, Mwingereza, aliwahoji wake wa wachungaji, naye mwenyewe wakati ule alikuwa mke wa mchungaji. Walipolijua hilo, walimfungulia mioyo. Mwaka 1984 akaonya ya kuwa urahisi huo ndio wenye hatari: mwanamke hutoa ya ndani kwa sababu ameonyeshwa urafiki, kisha maneno yake yaweza kutumiwa kuwadhuru wanawake wenziwe. (Sisi walimu twalijua hili; mtoto humfunulia mwalimu mpole yale ambayo fimbo haiyatoi.) Basi aliyeyajibu maswali hakumaliza deni. Pengine ameliongeza, maana wema wake ndio uliofungua mlango.

Kwangu mimi, deni hilo huanza kulipwa mwanamke anaposomewa yaliyoandikwa juu yake, naye awe na ruhusa ya kusema, "Hili lifute." Watu watanijibu ya kuwa kwa njia hii vitabu vitakuwa na mapengo. Naam, vitakuwa nayo.