Ahadi na Gati la Itungi

Je, mwanachuoni aikosoaye hotuba ya Rais humkosea adabu? Wahenga walisema ahadi ni deni. Na deni haki yake ni kuandikwa.

Mwaka 1970, Issa Shivji aliupima ujamaa wa Azimio la Arusha katika Cheche, jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, akauliza ulikuwa wa nani hasa: wa mkulima na mfanyakazi, au wa wakubwa wa serikali na mashirika ya umma. Mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Swali halikufa, kila ahadi ya Ikulu hulifufua.

Aliyengoja chombo Itungi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, alielewa bila kitabu. Katika kampeni za 2010 Jakaya Kikwete aliahidi meli mpya ziwani humo. Makofi yalikwisha siku ileile. Meli ya abiria, Mbeya II, ilizinduliwa 2021, zama za rais mwingine. Deni lililipwa, ila baada ya miaka ya kungoja.

Mkosoaji ndiye atunzaye hesabu hiyo. Apigaye makofi huliheshimu neno kwa saa moja. Alikumbukaye huliheshimu mpaka litimie.